Sabuni Nyeupe ya Mwamina

Katika kitongoji chao pale Nkowe, mwanamke aliyepika sabuni ndiye huyo huyo aliyeosha maiti wa kike. Hakuna aliyekumbuka desturi hiyo ilianza lini, lakini watu waliiona kuwa ni jambo la akili tu: mkono unaojua namna uchafu unavyotoka ndio uaminiwe kumsindikiza mtu akiwa safi. Mpaka miaka ya vita vya Hitla kazi hizo mbili zilikuwa za Bi. Mwantumu. Macho yake yalipoanza kuingia ukungu, kila mtu alidhani atamrithisha Sikuzani, binti yake wa pekee. Hakumrithisha. Sikuzani alikuwa mtu wa kucheka na kusahau, na chungu cha sabuni kinamtaka mtu akae nacho. Bi. Mwantumu alimwita Mwamina binti Isihaka, msichana ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfunda alipovunja ungo, akamwambia, "Wewe una mkono mtulivu. Njoo nikufundishe."

Sikuzani mwenyewe hakuona wivu. Alisema kwa kicheko kwamba afadhali alime ufuta wa wilaya nzima kuliko kushinda anakoroga majivu. Yeye na Mwamina walikuwa wamechezwa unyago pamoja, na urafiki wao ulikuwa wa kuingia nyumbani bila hodi.

Kazi ya sabuni haikuwa ya siri, ila ilikuwa ya subira. Ufuta ukishakung'utwa, watu huacha mabua yaoze shambani. Mwamina aliyafunga mizigo, akayakausha, akayachoma peke yake bila kuchanganya na kuni nyingine, maana majivu ya kila mti yana tabia yake. Majivu aliyatia kwenye chungu kikuukuu kilichotobolewa kitako, juu ya tandiko la nyasi, akayamwagia maji kata moja moja tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Yaliyodondoka chini yalikuwa na rangi ya chai ya rangi, yanateleza vidoleni na kuwasha ngozi. Hayo ndiyo magadi. Aliyachemsha yapungue, kisha akatumbukiza unyoya wa kuku. Unyoya ukitoka mzima, magadi bado machanga. Ukitoka umenyonyoka, umebaki kijiti, tayari.

Mafuta yalitoka kwenye mbarika, nyonyo kwa lugha ya wengine, zilizojiotea nyuma ya nyumba. Alikaanga mbegu kidogo, akazitwanga, akazichemsha, akaengua mafuta yaliyoelea. Mafuta na magadi vilikutana kwenye chungu kimoja juu ya moto mdogo, na hapo mwiko haukupumzika mpaka rojo ligome kudondoka. Mwishoni alitia chumvi ili sabuni igande. Alitumia chungu cha udongo tu. Siku moja Lukumani, mumewe, alimletea sufuria jeupe jepesi alilolipata mjini, zuri la kujionea fahari. Magadi yalilila kitako chake mbele ya macho yao, sabuni ikaishia motoni, na Lukumani akapewa jina la Baba Sufuria kwa mwezi mzima.

Sabuni iliyotoka ilikuwa ya kahawia, laini, yenye harufu ya mbarika ambayo mgeni angeikunjia pua. Lakini ilitakatisha. Aliiviringa madonge, akayafunga kwa majani ya mgomba, na watu walikuja kuyachukua kwa mahindi, kwa kuku, kwa kumpalilia shamba. Sabuni ya dukani ilikuwepo Ruangwa kwa Mhindi siku ilipokuwepo, na siku hizo zilikuwa chache. Tangu vita, mche mmoja uligombaniwa na watu kumi. Kwa hiyo Nkowe ilivaa nguo zilizofuliwa kwa mkono wa Mwamina, na wanawake wa Nkowe walipokufa waliondoka kwa mkono huo huo. Heshima aliyokuwa nayo hakuwa ameitafuta, lakini alikuwa amekwisha kuizoea, na asingependa kuishi bila hiyo.

Kisha Wazungu wa karanga wakaja Nachingwea. Waliangusha msitu kwa mitambo iliyovuta minyororo, wakaacha uwanja mwekundu usiokuwa na mwisho, na vijana wa kila kijiji wakaenda kuandikisha majina. Lukumani naye alikwenda. Alipanda baiskeli siku nzima kwenda na siku nzima kurudi, na kila aliporudi nguo zake zilisimama zenyewe kwa vumbi. Hakuwa peke yake. Wanaume wote waliofanya kazi kule walirudi wekundu kutoka utosini hadi unyayoni, na wake zao wote walikuja kwa Mwamina. Mbarika za nyuma ya nyumba ziliisha, za jirani zikaisha, akafika mahali pa kuwatuma watoto wazitafute maporini. Watu wa Matambarale nao walikuwa wamesikia, wakawa wanakuja na vikapu.

Hapo ndipo Lukumani alipofika nyumbani, mwaka wa arobaini na tisa, mwezi wa Shaabani umeanza, na debe la mafuta limefungwa nyuma ya baiskeli.

"Mama Saadi," alimwambia Mwamina, akilishusha kwa tahadhari, "hangaiko lako limekwisha. Yule rafiki yangu Agapiti, wa Mnero, anasaidia jikoni kambini. Mafuta yanayobaki kwenye vikaango walikuwa wanayamwaga. Nimemwomba atuwekee. Anachotaka ni sabuni kidogo kwa ajili ya mkewe."

Mwamina alifungua debe. Mafuta yalikuwa yameganda, meupe pepepe. Alichovya vidole viwili.

Hapa inafaa kusimama kidogo, kwa sababu mambo yote yaliyofuata yalianzia kwenye vidole hivyo viwili. Mwamina aliyajua mafuta ya ng'ombe. Huwa na umanjano, huganda yakawa magumu, ukiyabonyeza hupasuka. Ya mbuzi hung'ang'ania kidole na kunuka beberu. Haya yalikuwa laini, yaliyeyuka kwa joto la ngozi tu, na hayakunuka kitu alichokijua. Aliyasugua kati ya kidole na gumba kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Midomo yake ilifunguka ili iulize, "Ya mnyama gani?" Uani walikuwa wamekaa wanawake wanne na vikapu vyao, wawili wametoka Matambarale tangu alfajiri. Aliifunga midomo. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Lakini kuna mtu asiyeuliza kwa sababu hataki kujibiwa, na huyo wahenga hawakumtafutia neno la upole.

"Lete chungu kikubwa," alisema.

Sabuni ile ilikuwa haijapata kuonekana Nkowe. Ilitoka nyeupe, ngumu, unaweza kuikata kwa kisu vipande vilivyonyooka kama vya dukani, tena bila harufu. Povu lake lilisimama. Kanzu zilizokuwa zimekata tamaa zilirudi kuwa kanzu. Watu waliiita Nyeupe ya Mwamina, na wengine, kwa masihara, waliuliza kama amewaibia Wazungu mtambo. Lukumani alileta debe la pili, kisha la tatu. Mwamina alicheka na wanaocheka. Kila alipotumbukiza mkono debeni, aliutoa upesi na kuupangusa kwenye majani.

Ramadhani ilipofika katikati, Sikuzani alikufa. Ilikuwa homa ya siku nne tu. Siku ya tatu alikuwa bado anatania kwamba amepata udhuru wa kula mchana. Siku ya nne hakumjua mtu. Aliacha mumewe, Shaban, na mama yake kipofu nusu. Mwamina aliitwa kabla hata machozi hayajamtoka. Alimwosha rafiki yake kwa utaratibu aliofundishwa, na Bi. Mwantumu, ambaye hakutaka kutolewa nje, alikaa kwenye kigoda pembeni, mkono wake umeshika mguu wa binti yake. Kwa sabuni, Mwamina alichagua kipande cheupe kuliko vyote, kilichokatwa vizuri kuliko vyote. Ilikuwa zawadi ya mwisho, na alitaka iwe nzuri.

"Haina harufu sabuni hii," Bi. Mwantumu alisema.

"Ni mpya, bibi."

"Mungu akuweke, mwanangu. Umemtengenezea vizuri."

Idd ilikuja na msiba haujapoa. Hata hivyo watu walikwenda kuswali wakiwa weupe. Waliotoka Ruangwa mjini walishangaa kwamba mashamba yameupita mji kwa kung'aa, na kanzu iliyong'aa kuliko zote ilikuwa ya Mwalimu Mbaruku, aliyefundisha watoto Kurani na kuwaswalisha watu wazima.

Siku ya nne baada ya Idd, Lukumani alirudi likizo akifuatana na Agapiti. Huyu alikuwa mtu mwembamba mwenye sauti ya upole, aliyelelewa misheni. Alikaa kwenye mkeka, akapewa maji, akaulizwa hali ya mkewe na watoto. Kisha Mwamina akamletea fungu lake la sabuni. Agapiti alichukua kipande, akakigongagonga kwa ukucha, akatabasamu.

"Mama Saadi, umeipatia. Ndiyo maana nilimwambia Lukumani achukue haya haya. Ya ng'ombe sabuni yake hupasuka. Ya nguruwe haina mpinzani."

Kuku alipita katikati yao akidonoa. Hakuna aliyemfukuza.

"Ya nini?" Mwamina aliuliza.

"Ya nguruwe. Ile nyama yao ya asubuhi. Kila siku inatoa mafuta kikaangoni, mpaka mpishi anachoka kuyamwaga." Alimtazama Mwamina, akamtazama Lukumani, tabasamu likamshuka polepole. "Lukumani, nilikuambia, sivyo?"

"Uliniambia mafuta ya kikaango," Lukumani alisema.

"Nikadhani unajua. Wazungu wanakula nini kingine asubuhi? Nami nikasema, kwa kuwa si ya kula..." Agapiti aliweka kipande chini taratibu. Alikuwa amekua jirani na Waislamu maisha yake yote. Alijua kutowapikia nguruwe, na alijua kuosha chungu chake kabla ya kuwaazima. Haikumpitikia kwamba sabuni nayo inaingia humo. "Mama, nisamehe. Wallahi, kama mnavyosema ninyi, sikukusudia ubaya."

"Najua hukukusudia," Mwamina alimjibu. Alikuwa anamwamini, na hilo halikumsaidia kitu.

Agapiti aliondoka kabla ya chakula, na sabuni hakuichukua. Lukumani alimsindikiza mpaka njia panda, akarudi, akakaa, akazungumza kwa sauti ya chini ingawa uani hapakuwa na mtu.

"Tunajua watu watatu. Agapiti hatasema. Mimi sitasema."

"Na mimi?"

"Wewe utaanza chungu kipya, cha mbarika, na haya yatakwisha yenyewe. Swala zimeshaswaliwa, Mwamina. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Nguo bado wanazivaa. Sabuni bado wanayo."

"Zitaisha."

"Na Sikuzani?"

Lukumani hakuwa mtu mbaya. Alijipangusa uso kwa viganja vyote viwili kabla hajajibu. "Ndiyo maana nakwambia nyamaza. Umemfikiria mama yake? Unataka kumfukulia mwanawe?"

Neno hilo lilimpata, na kwa siku mbili lilimfunga kinywa. Alipika, alilima, aliitikia salamu. Siku ya tatu alikwenda kisimani. Ulikuwa mwanzo wa Agosti, maji yameanza kurudi nyuma, na wanawake walikaa foleni wakingoja kisima kijae. Waliokwisha kuteka walikuwa wanafua pale pale juu ya mawe. Wote walikuwa na vipande vyeupe. Mmoja alikuwa anafua shuka ya kuswalia, mwingine nguo za mtoto wa siku arobaini, na povu lilitiririka likapita miguuni mwa Mwamina. Mke wa Mwalimu Mbaruku alimpungia mkono wenye povu. "Mama Saadi! Mungu akulipe, mikono yetu inapumzika siku hizi."

Mwamina aliacha ndoo yake kwenye foleni. Alitoka pale akaenda moja kwa moja kwa Mwalimu Mbaruku, akamkuta anachonga kalamu ya mwanzi barazani, akamweleza kwa maneno machache, amesimama.

Mwalimu alisikiliza kisu kimesimama hewani. Alipomaliza kusikiliza alijitazama kifuani, maana alikuwa amevaa kanzu ile ile ya Idd, akaishika kwa vidole viwili na kuitenga na mwili wake kama inamchoma. Siku nyingine Mwamina angecheka.

"Kila kilichoguswa," alisema hatimaye, "kioshwe maji saba. Mojawapo liwe la udongo."

"Mwalimu, kisima kile?"

"Nakijua kisima kile. Sheria siitungi mimi." Alikuwa amekasirika kwelikweli, na si kwa sababu ya kanzu tu. "Na vyombo vyako. Na mikono yako."

"Na Sikuzani?"

Hasira ilimtoka. Alichora mchanga kwa mwanzi, akafuta. "Maiti hadaiwi. Na aliyemwosha hakujua, na Mola hamtwishi mja lile asilolijua. Mwombee. Utasema mwenyewe Ijumaa, nami nitakusaidia."

Hakujua. Mwamina aliondoka na neno hilo, akalishika kwa siku mbili, kwa kuwa lilikuwa zuri na alipewa na mtu mwenye elimu.

Ijumaa baada ya swala watu waliombwa wasiondoke. Wanawake walikusanyika upande wa nyuma ya ukuta. Mwamina alisimama mahali pa kusikika na pande zote mbili, akasema kwamba sabuni nyeupe ilitiwa mafuta ya nguruwe kutoka jikoni kwa Wazungu, kwamba aliyeipika ni yeye, na kwamba anaomba radhi. Kelele zilizozuka hazina haja ya kuelezwa. Mtu mmoja alitema mate. Mwingine alivua kofia yake akaitupa chini, kisha akaiokota akaitupa tena mbali zaidi. Shaban, mume wa marehemu Sikuzani, aliinamisha kichwa. Mwalimu Mbaruku alipaza sauti: "Mama huyu hakujua! Angenyamaza, nani angejua? Kesho tunaanza kuosha. Maji saba, moja la udongo. Nendeni."

Watu walinung'unika, lakini walianza kupoa. Asiyejua hapigwi mawe. Baadhi ya wanawake walimsogelea, mmoja akamshika bega. Yangeweza kuishia hapo.

Bi. Mwantumu alikuja akiongozwa na fimbo yake, watu wakampisha. Alisimama karibu mno, kama wasioona wanavyosimama. Aliutafuta mkono wa kulia wa Mwamina, akaukunjua, akapitisha gumba lake juu ya ncha za vidole.

"Mwanangu, ati hukujua?"

Mwalimu alitaka kujibu. Bi. Mwantumu hakumgeukia.

"Mafuta ya ng'ombe nilikufundisha kwa mkono huu," alisema. "Ya mbuzi nilikufundisha kwa mkono huu. Nakuuliza wewe. Debe lilipokuja, uliyashika?"

"Niliyashika, bibi."

"Yalisemaje?"

Mwamina aliona watu wote waliobaki wanamtazama, na Lukumani nyuma yao anatikisa kichwa kumkataza. Neno lilikuwepo tayari, halali, limetolewa na mwalimu mbele ya kadamnasi. Alihitaji kulirudia tu.

"Yalisema si ng'ombe wala si mbuzi," alijibu. "Vidole vilijua. Nilitaka kuuliza nikaacha, kwa sababu watu walikuwa wananingoja, nami nilitaka sabuni."

Bi. Mwantumu aliurudisha ule mkono ulipokuwa, ubavuni mwa Mwamina. "Na ukamwoshea mwanangu."

"Ndiyo, bibi."

"Basi," alisema Bi. Mwantumu. Aligeuka na fimbo yake. Hilo lilikuwa neno lake la mwisho kwa Mwamina.

Kufua kulichukua siku kumi na moja. Kisima kilikauka siku ya pili, wakahamia mtoni, mwendo wa nusu siku, na nguo vichwani. Kila nguo ya Nkowe ilipakwa tope, ikasuuzwa, ikasuuzwa tena, mpaka saba, na kwa kuwa udongo wa kule ni mwekundu, weupe wa Idd haukurudi tena mwaka ule. Watu walikuwa na rangi moja na waliotoka mashamba ya karanga. Waliokuwa Matambarale walipelekewa habari, na Mwamina alikwenda mwenyewe kwa miguu kuipeleka, nyumba kwa nyumba, akatukanwa nyumba kwa nyumba. Nguo za wazee alizifua yeye. Mikono yake ilichubuka hadi viwiko. Vyungu alivivunja. Lukumani aliacha kuzungumza naye kwa wiki tatu, kisha siku moja akaja na mzigo wa mbegu za mbarika alizozichuma njiani, akazimwaga uani bila maelezo, na mambo yao yakaendelea.

Sabuni alirudia kuipika, ya kahawia, inayonuka. Sasa aliipikia mbele ya nyumba, kando ya njia, na yeyote aliyepita aliweza kutia kidole kwenye mafuta. Mwaka wa kwanza walikuja wachache. Mwaka wa pili walikuja wengi, maana uchafu haujui kuweka kinyongo. Mashamba ya karanga yalishindwa, mitambo ikalala kutu, wanaume wakarudi kwenye ufuta na mikorosho. Watoto waliozaliwa baada ya hapo waliisikia habari ya maji saba kama jambo la kuchekesha.

Lakini kuosha maiti hakuitwa. Mwanamke alipokufa Nkowe, mtu alipanda baiskeli akaenda Matambarale kumchukua mwoshaji wa huko. Mara nyingine mwoshaji alichelewa, mara nyingine alikuwa mgonjwa, na maiti akangoja mchana kutwa hali Mwamina yupo nyumba ya tatu, anasikia kilio, amekaa na mikono mapajani. Hakulalamika. Aliona wana haki. Lakini iliuma, na haikuacha kuuma kwa kuwa ni haki. Alipopishana njiani na Bi. Mwantumu alimwamkia, "Shikamoo, bibi," na fimbo ilipita ikigongagonga bila kujibu. Kwa miaka saba alimwamkia hivyo, kila walipokutana.

Ulikuwa mwaka wa hamsini na sita, msimu wa kupukuta ufuta, Shaban alipofika uani asubuhi na mapema. Alikuwa hajakanyaga pale tangu Ijumaa ile. Hakukaa.

"Bibi amefariki alfajiri," alisema.

"Inna lillahi," Mwamina alisema, akaanza kujifunga kanga ili aende kulia na wenzake.

"Ameacha maneno. Anataka umwoshe wewe."

Mwamina alishika nguzo ya banda. "Mimi? Na yule wa Matambarale?"

"Nilimwuliza hivyo hivyo. Nilimwambia, bibi, si huyu huyu uliyekataa hata salamu yake?" Shaban alitazama chini. "Akasema yule wa Matambarale hamjui. Akasema, 'Mwamina namjua. Akikosea atasema.' Kisha akasema umwoshe kwa maji matupu. Sabuni yoyote asiione, hata ya mbarika. Hilo alilirudia mara mbili, tushike."

Mwamina alilia hapo hapo, kwa sauti, uso wazi mbele ya mwanamume asiye wake, na hakujali. Alililia kuaminiwa na kutosamehewa, vyote viwili kwa pamoja, na hakuweza kutenganisha machozi ya kipi ni yapi.

Kisha alinawa, akaenda. Wanawake waliokuwa nje walimpisha kimya kimya. Binti mmoja, asiyejua, alimkimbilia na mche wa sabuni ya dukani bado umo kwenye karatasi yake. Mwamina aliurudisha mikononi mwake, akaomba ndoo ya nne ya maji, kwa kuwa maji peke yake yana kazi kubwa zaidi. Akaingia, akafunga pazia, akainama karibu na sikio la Bi. Mwantumu.

"Shikamoo, bibi," alisema, na akaanza na mkono wa kulia.